Mshahara wa Mbali Unalala Wapi?

Nchi za Afrika Mashariki zinawania wageni wanaoishi kwetu huku wakilipwa na kampuni za ng'ambo. Kabla ya kuwatandikia jamvi, hesabu ya faida yao ipigwe ukiwa umesimama Nzahaha, mahali ambapo watu wamezoea kuona fedha ikipita.

Nzahaha haimo katika orodha ya mahali panaposifiwa na vijana wa Berlin au Toronto wanaotafuta pa kufungulia kompyuta zao kwa miezi mitatu. Ni moja ya sekta 18 za wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi kabisa mwa Rwanda, nchi ya vilima inayoteremka kuelekea uwanda wa Bugarama. Hapo Rwanda, Burundi na Kongo zimekaribiana kiasi kwamba simu iliyo mfukoni huweza kudaka mtandao wa nchi nyingine wakati mwenye simu hajavuka hata kijito. Watu wa vilimani wanategemea kilimo: kahawa, ndizi, mihogo, maharage. Ukishuka Bugarama unaukuta mpunga. Mwenye cha kuuza hushuka nacho huko, au hupanda nacho hadi mji wa Kamembe.

Sasa kuna ahadi mpya inayozungumzwa katika wizara za utalii na uhamiaji kuanzia Nairobi hadi Windhoek. Inasema hivi: mgeni anayelipwa na kampuni ya nje na kufanya kazi yake kwa intaneti akaribishwe aje akae kwetu. Hatachukua ajira ya mtu, hataomba msaada, ataacha fedha za kigeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu wa Nzahaha akiisikia ahadi hiyo atakuwa na maswali mawili ya mtu mzima: apone vipi, na apone nani?

Visa ya anayelipwa kwingine

Mambo haya yalishika kasi mwaka 2020, pale korona ilipofunga ofisi na kuacha hoteli tupu. Barbados ilitangulia mwezi Julai kwa kibali cha mwaka mmoja kwa mtu anayepata angalau dola 50,000 kwa mwaka. Estonia ikafuata mwezi Agosti. Kabla mwaka haujaisha Mauritius nayo ilikuwa na visa yake, kwa mwenye kipato cha dola 1,500 kwa mwezi. Mwaka 2022 Namibia ilifungua mlango kwa mwenye dola 2,000 kwa mwezi, na Ureno ikaweka sharti la kipato kinachofikia mara nne ya kima chake cha chini cha mshahara. Oktoba 2024, katika maonyesho ya utalii jijini Nairobi, Rais William Ruto alitangaza kwamba Kenya nayo inaanzisha kibali cha aina hiyo.

Wanaowindwa ni wengi. Kampuni ya MBO Partners, inayowafuatilia kila mwaka, ilikadiria kwamba Wamarekani wanaojiita wahamahamaji wa kidijitali waliongezeka kutoka milioni 7.3 mwaka 2019 hadi milioni 18.1 mwaka 2024. Si wote wanaovuka bahari. Wengi huzunguka ndani ya Marekani yenyewe. Lakini hata sehemu ndogo ya umati huo inatosha kuzitia serikali hamu.

Rwanda haijalala. Tangu Januari 2018 raia wa nchi yoyote duniani huweza kupewa visa anapofika, na Novemba 2023 Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Mwafrika yeyote ataingia bila visa. Utalii uliiingizia nchi dola milioni 647 mwaka 2024. Kigali ina mitaa safi, usalama na kumbi za kufanyia kazi kama Norrsken House. Na Rusizi yenyewe haikosi cha kuvutia macho: ina Ziwa Kivu, uwanja wa ndege wa Kamembe, na msitu wa Nyungwe ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO Septemba 2023. Haitashangaza mtu akisimama kesho na kusema: tuwalete na huku.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wa leo kaja na jembe lake mkononi, na shamba analolilima liko Stockholm. Ndiyo maana karibu visa zote hizi zina sharti moja: mapato yatoke nje, na mgeni asiajiriwe na kampuni ya ndani. Sharti hilo linamlinda mwenyeji asinyang'anywe kazi. Papo hapo linamfungia mwenyeji nje ya kazi yenyewe. Mavuno yanakwenda ng'ambo. Sisi tunabaki na kile tu mkulima huyo anachokula, anacholalia na anachopanda kwenda kutembea.

Mikono mingapi?

Watetezi wa wageni hawa hupenda kumtaja Enrico Moretti, mchumi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu jiografia mpya ya ajira, alionyesha kwamba katika miji ya Marekani kila ajira moja mpya ya teknolojia ya juu huzaa, baada ya muda, ajira nyingine tano katika mji huohuo: kinyozi, mwalimu, mwanasheria, mpishi, fundi. Ni hesabu tamu. Ila Moretti alihesabu watu waliohamia mji, wakaajiriwa na kampuni za mji huo, wakajenga, wakasomesha watoto, na wakanunua vitu ambavyo sehemu kubwa ya thamani yake inabaki ndani ya nchi yao.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mgeni analipwa dola 3,000 kwa mwezi, anapanga Kamembe kwa miezi mitatu, na kila mwezi anatumia dola 1,200. Kwa kiwango cha mwaka 2025 hizo ni zaidi ya faranga milioni moja na laki saba. Ukizitaja Nzahaha, watu wataacha jembe wakusikilize. Lakini zifuate faranga hizo moja moja. Pango limelipwa kupitia jukwaa la mtandaoni, ambalo limekata ada yake kabla fedha haijagusa Rwanda. Iliyobaki imekwenda kwa mwenye nyumba, naye huenda anaishi Kigali. Intaneti ya satelaiti inalipwa Marekani. Mvinyo umetoka Afrika Kusini, jibini limetoka Ulaya, na petroli ya gari alilokodi imepita Dar es Salaam au Mombasa baada ya kununuliwa kwa dola zilezile tunazozitafuta.

Kinachobaki Rusizi ni mshahara wa mpishi na mlinzi, nauli ya pikipiki, sambaza za Ziwa Kivu, mayai, nyanya, parachichi, kinyozi na dobi. Si haba. Ila ukubwa wake hautegemei utajiri wa mgeni. Unategemea ni vitu vingapi kati ya anavyovihitaji vinatengenezwa au kulimwa karibu naye. Nyanya ikitoka Nzahaha, faranga inapanda mlima: inamlipa mchumaji, mwenye baiskeli, muuza mbolea, ada ya shule. Nyanya ikitoka dukani ikiwa ndani ya kopo la Italia, faranga imeshaondoka kabla sahani haijaoshwa.

Kwa hiyo serikali inayohesabu visa ilizotoa inahesabu kitu kisichofaa. Cha kuhesabu ni mikono: faranga ya mgeni inapita mikono mingapi ya wenyeji kabla haijavuka mpaka kurudi ilikotoka? Katika uchumi wa mahali padogo, jibu la swali hilo huwa na uzito mkubwa kuliko idadi ya wageni.

Wageni ambao Rusizi inawajua

Rusizi haihitaji kukisia. Imeishi na wageni wa kila kipato kwa zaidi ya miaka arobaini, na kila aina imeacha somo lake.

Kwanza ni Cimerwa, kiwanda cha saruji kilichoko sekta ya Muganza, kwenye uwanda wa Bugarama. Kilijengwa kwa msaada wa China na kuanza kuzalisha mwaka 1984. Baadaye kampuni ya PPC ya Afrika Kusini ikanunua asilimia 51 ya hisa, na mwaka 2015 ukazinduliwa mtambo mpya wenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka. Mwaka 2024 hisa hizo zikahamia kwa National Cement ya Kenya. Katika safari yote hiyo wamekuja wahandisi kutoka nchi za mbali. Nao hupenda nyumba nzuri na chakula cha kwao, kama mgeni wa kompyuta. Tofauti ni kwamba mwajiri wao yuko Rwanda. Kodi ya mshahara inakatwa hapa kila mwezi, na pembeni ya mhandisi mgeni huweza kuwapo fundi Mnyarwanda anayejifunza kazi. Mhandisi akiondoka, saruji inabaki na ujuzi unabaki. Mgeni wa kompyuta anakaa peke yake na skrini yake. Akiondoka, jirani yake hajui hata alikuwa anafanya nini.

Pili ni wafanyakazi wa mashirika ya misaada. Kwa miaka mingi watumishi wa mashirika ya kimataifa wanaokwenda Bukavu, mji wa Kongo ulio ng'ambo ya mto Rusizi, wametua Kamembe, wakalala Kamembe, kisha wakavuka mto. Mshahara wao unatoka Geneva au New York, kazi yao iko Kongo, na kitanda kiko Rwanda. Ukitafuta mfano wa karibu zaidi wa mgeni anayelipwa kwingine katika wilaya hii, ni hao. Hoteli za kandokando ya ziwa, madereva na migahawa ya Kamembe inawajua vizuri. Lakini fedha yao imebaki mjini, kwenye lami. Haijapata sababu ya kushuka hadi Nzahaha, isipokuwa ndani ya gunia la mkulima aliyepanda sokoni.

Tatu ni wale ambao hakuna anayewatengenezea visa ya kifahari: wachuuzi wa mpakani. Mama wa Kikongo anayevuka asubuhi kununua mboga, nyama au unga na kurudi jioni hana dola 3,000. Ana mtaji wa siku moja. Lakini ananunua kilicholimwa hapa, ananunua kila siku, na analipa papo hapo, taslimu. Kwa mizani ya mikono, yeye ndiye mgeni mwenye faida kubwa kuliko wote. Ndiyo sababu Kiswahili kinasikika sana Kamembe na Bugarama, na kilikuwa lugha ya soko huko miaka mingi kabla Bunge la Rwanda halijakipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017.

Ila hata mgeni huyo si wa uhakika. Machi 2020 korona ilifunga mpaka. Mpaka wa Burundi, uliokuwa umefungwa kwa miaka kadhaa baada ya mgogoro wa 2015, ulifunguliwa tena mwaka 2022, kisha Burundi ikaufunga upya Januari 2024. Njia ya Ruhwa, inayounganisha Rusizi na Burundi, ikafa ganzi. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na benki za mji huo zikafunga milango. Desemba mwaka huohuo mapigano yalifika upande wa Kamanyola, ng'ambo tu ya Bugarama, na watu wakavuka wakiwa wakimbizi badala ya wateja. Kila tukio lilimkuta mkulima na mchuuzi wa Rusizi akiwa na mzigo mkononi na mnunuzi hayupo. Uchumi unaotegemea mtu anayeweza kuondoka kwa siku moja umesimama kwa mguu mmoja. Na hakuna mgeni anayeweza kuondoka haraka kuliko yule ambaye ofisi yake yote inaingia ndani ya begi.

Pwani imetangulia

Ili kuona mambo yanavyokuwa wageni hawa wakishakuwa wengi, twende pwani. Zanzibar, yenye watu wasiofika milioni 1.9 kwa sensa ya 2022, ilipokea watalii 736,755 mwaka 2024. Serikali yake ilianzisha mpango wa Silicon Zanzibar mwaka 2022 ili kuvuta kampuni za teknolojia na wafanyakazi wake, na Fumba pamejengwa mji mpya ambao wageni wanaruhusiwa kununua makazi. Paje na Jambiani, vijiji vilivyojulikana kwa wavuvi na akina mama wa mwani, sasa vina mikahawa ambayo mchana hujaa kompyuta mpakato na jioni hujaa wachezaji wa mchezo wa tiara baharini.

Faida ipo na inaonekana. Mgeni anayekaa miezi mitatu hula kwa mama ntilie zaidi kuliko mtalii wa wiki moja aliyelipia kila kitu hotelini. Anajifunza njia za daladala, ananunua samaki ufukweni, anamlipa mtu wa kumfulia. Fedha yake inasambaa.

Lakini ukaaji huohuo ndio chanzo cha tatizo. Mtalii analala hotelini, kwa hiyo anashindania kitanda na watalii wenzake. Anayekaa miezi sita hutaka nyumba, na nyumba hiyo anaishindania na mwalimu, muuguzi na vijana waliooana juzi. Yeye analipwa kwa euro, wao kwa shilingi. Mwenye nyumba hana haja ya kutafakari sana. Na si nyumba tu. Utafiti wa shirika la Tourism Concern wa mwaka 2012 katika vijiji vya Zanzibar ulikuta kaya ya mwenyeji ikitumia wastani wa lita 93 za maji kwa siku, wakati chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195. Kisima kilikuwa kimoja.

Miji mikubwa imefika mbali zaidi. Lisbon ilijaza wageni wa kipato cha nje hadi bei ya pango ikawa hoja ya uchaguzi. Barcelona imetangaza kwamba hadi Novemba 2028 itafuta leseni zote zaidi ya 10,000 za nyumba zinazopangishwa kwa watalii. Mexico City, tarehe 4 Julai 2025, waandamanaji walijaa mitaa ya Roma na Condesa wakiwalalamikia wageni waliopandisha bei hadi wenyeji wakahama. Miji hiyo ina mamilioni ya watu na maelfu kwa maelfu ya nyumba, na bado imelemewa. Kamembe ni mji mdogo katika wilaya yenye watu takriban 485,000 ambao wengi wao wako vijijini. Haihitaji wageni elfu kumi ili bei ipande. Mia mbili wanaotafuta nyumba zenye maji ya bomba na umeme wa uhakika wanatosha. Agosti 2022 Rwanda iliwaongezea walimu wa shule za msingi mshahara kwa asilimia 88, hatua kubwa na ya haki. Itakuwa masikitiko nyongeza hiyo ikimezwa na pango lililopangwa kwa dola.

Siku 183

Kuna jambo jingine ambalo matangazo ya visa hulipita harakaharaka, nalo ni kodi.

Kwa sheria ya kodi ya mapato ya Rwanda, mtu huhesabiwa kuwa mkaazi akikaa nchini zaidi ya siku 183 ndani ya miezi 12. Kenya nayo inatumia siku 183 kama moja ya vipimo vyake. Wahamahamaji wanaijua namba hiyo kama mchungaji anavyoijua njia ya malishoni: miezi minne Kigali, minne Kilifi, minne Zanzibar, na mwaka umekwisha bila nchi yoyote kuwaita wakaazi. Nchi nyingine zimeona isiwe taabu, zikawasamehe kabisa. Barbados na Croatia, kwa mfano, hazitozi kodi ya mapato kwa mshahara wa nje wa mwenye kibali hicho.

Linganisha na mwenyeji. Mnyarwanda aliyeajiriwa kwa mshahara wa faranga 400,000 kwa mwezi hukatwa kodi ya faranga 84,000, na juu yake mchango wa pensheni, ambao tangu Januari 2025 ni asilimia 6 kwake na asilimia 6 kwa mwajiri. Jirani yake mgeni, mwenye kipato mara kumi ya hicho, huenda asitoe chochote zaidi ya VAT ya asilimia 18 anaponunua vitu dukani. Wote wawili wanatumia barabara ileile na taa zilezile za barabarani, na wote wanalala usingizi kwa sababu ya askari yuleyule.

Kuna waliofanya hesabu hii kinyume na ikawalipa. Mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma huko Marekani, tangu 2018 una mpango wa kumpa dola 10,000 mtu anayefanya kazi kwa mtandao akikubali kuhamia mjini humo kwa mwaka. Fedha hizo zinatoka kwa wakfu wa kifamilia, na mpango umesifiwa sana. Lakini mgeni wa Tulsa ni Mmarekani. Analipa kodi Oklahoma, anapiga kura huko, akipapenda ananunua nyumba na kubaki. Tulsa inanunua mwananchi. Sisi tukiiga bila kufikiri, tutakuwa tunamlipia mpita njia.

Mfanyakazi wa mbali aliyezaliwa hapa

Hoja yote hii haimfukuzi mgeni. Inatuelekeza kwa mtu ambaye visa hizi zimemsahau: kijana wa Nzahaha mwenyewe.

Teknolojia inayomwezesha Mjerumani kukaa Kamembe na kulipwa na Berlin ndiyo hiyohiyo inayoweza kumwezesha binti wa Nzahaha kukaa kwao na kulipwa na Berlin. Fedha inayoingia ni ileile ya kigeni. Lakini itazame inavyotembea. Binti huyo hana mpango wa kuondoka siku ya 182. Ananunua matofali ya hapa na mabati ya hapa, na saruji ya Cimerwa kutoka bondeni. Anamlipia mdogo wake karo, anampeleka mama yake hospitali, anamkopesha mjomba mtaji wa ng'ombe. Mgeni anaacha pango. Mwenyeji anaacha nyumba. Kwa mizani yetu ya mikono hakuna mfanyakazi wa mbali anayemzidi.

Tusijidanganye kwamba njia hiyo ni laini. Kenya ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 ili kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni, na wengi wamepata riziki. Lakini Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakichambua maandishi ya kutisha kwa ajili ya kampuni ya OpenAI, kupitia kampuni ya Sama, walikuwa wakipata chini ya dola 2 kwa saa. Kazi ya mbali inaweza kuwa kibarua cha shambani kilichovaa shati jeupe. Kinachomtenganisha mwenye kipato na kibarua ni ujuzi alionao na mkataba aliosaini, na vyote viwili vinahitaji mkono wa serikali.

Kuna mitambo ya kujenga pia. Kwa karibu miaka kumi, kuanzia makubaliano ya 2013 na kampuni ya KT ya Korea Kusini, huduma ya 4G ya Rwanda ilikuwa mikononi mwa muuzaji mmoja wa jumla. Ni mwaka 2023 tu ndipo kampuni za simu zilipoanza kutumia mitambo yao wenyewe ya 4G. Mwaka huohuo, mwezi Februari, Starlink ikaanza kazi nchini, ingawa vifaa vyake na ada yake ni mzigo kwa kaya ya mkulima. Na kwa kuwa Rwanda haina bahari, intaneti yake inategemea nyaya zinazotua pwani za jirani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika kusini, Tanzania iliumia zaidi, na Rwanda nayo ikaonja. Umeme je? Mto Rusizi unazalisha umeme tangu enzi za ukoloni. Ruzizi II ilianza mwaka 1989, na Ruzizi III, mradi wa nchi tatu wa megawati 206, unangojewa. Ingekuwa ajabu mto upite hapo, nguzo zipite hapo, na kijana akose pa kuchajia kompyuta.

Elimu nayo imeanza kusogea. Rwanda Coding Academy ilifunguliwa Nyabihu mwaka 2019 kwa wanafunzi waliochaguliwa kutoka nchi nzima. Ni mwanzo mwema, ila shule moja ya vipaji haitoshi kwa wilaya 30. Na vijana wa Rusizi wana mtaji ambao wenzao wa ndani ya nchi hawana: wengi wao wanazungumza Kinyarwanda na Kiswahili tangu utotoni, na Kifaransa wanakisikia kwa majirani wa Bukavu. Tafsiri, huduma kwa wateja, uandishi wa manukuu na uhariri wa sauti kwa lugha hizo ni kazi ambayo mtu wa Berlin haiwezi hata akikaa Kamembe miaka kumi.

Masharti ya mwenyeji

Basi mgeni aje, ila aje kwa masharti yanayoongeza mikono. Akivuka siku 90, alipe mchango mdogo wa kila mwezi unaobaki wilayani, usiopelekwa wote Kigali. Mwenye nyumba anayempangisha asajiliwe na alipe kodi kama mwenye hoteli, na mji uweke kikomo cha nyumba za makazi zinazogeuzwa za wageni kabla bei haijapanda, kwa sababu ikishapanda haishuki kwa tangazo. Hoteli na migahawa inayopewa nafuu ya kodi ioneshe inanunua kiasi gani kwa vyama vya ushirika vya wakulima wa vilima vinavyoizunguka. Na kibali cha mgeni mwenye ujuzi kiwe na sharti la saa chache kila mwezi za kufundisha vijana wa mahali anapoishi. Hilo ndilo jembe la siku ya tatu. Hata akiondoka mwezi wa nne, ameacha mtu anayejua anachokijua.

Halafu, kwa kila faranga itakayotumika kutangaza Ziwa Kivu kwa wageni wa kompyuta, itumike nyingine kufikisha waya wa intaneti, chumba chenye umeme na mwalimu mzuri katika sekta kama Nzahaha. Wizara zikiripoti mwisho wa mwaka, zisitaje tu idadi ya visa zilizotolewa. Zitaje pia idadi ya vijana wa vijijini wanaolipwa na kampuni za nje wakiwa kwao. Mwaka ambao namba hiyo ya pili itakuwa kubwa kuliko ya kwanza, Rusizi itakuwa imepona kweli, na uponyaji huo, hata mpaka ukifungwa, hautaondoka na mgeni.